Kuchimba kwa Maji: Kutoka Lango la Dar es Salaam hadi Vilindi vya Bahari

Bandari ambayo Sultani Majid bin Said aliichagua katika miaka ya 1860 ilikuwa na maji matulivu, lakini lango lake, mkondo mwembamba unaopita kati ya Magogoni na Kigamboni, lilizibana meli kadiri zilivyozidi ukubwa. Hadi mwaka 1956, magati ya kwanza ya kina kirefu yalipofunguliwa, meli kubwa zilitia nanga katikati ya maji na shehena ikashushwa kwenye matishari, yaani vyombo bapa vinavyovutwa na tagi, kisha makuli wakaifikisha nchi kavu. Upungufu wa kina ulifidiwa kwa migongo ya watu, na hapo ndipo nguvu ya makuli ilipotokea: mgomo wao wa Septemba 1947 ulienea hadi mikoani kwa kufuata reli.

Lango lenyewe lilikuja kuchimbwa zaidi ya mara moja, na mradi mkubwa wa karibuni, ulioanza 2017 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulilenga kuyapa magati namba 1 hadi 7 kina cha mita 14.5. Katika kazi za namna hii, meli ya kunyonya mchanga huburuta bomba ambalo mdomo wake hurusha maji kwa shinikizo ili kuulegeza mchanga, nayo pampu ikauvuta juu.

Mbinu inayofanana na hiyo imepelekwa kwenye vilindi vya mita 4,000 hadi 6,000, ambako kuna vinundu vya manganizi, mabonge ya ukubwa wa kiazi yenye nikeli, shaba na kobalti. Kwa kuwa vinundu hulala juu ya tope bila kushikamana na mwamba, mtambo unaotambaa huvirushia maji vikainuka. Tatizo ni kwamba tope nalo huinuka, na wingu lake huweza kufunika viumbe vya mbali.

Mchanga wa Magogoni ni mali ya Tanzania, lakini vinundu vilivyo nje ya mipaka ya mataifa vilitangazwa na Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 kuwa urithi wa binadamu wote. Joseph Sinde Warioba, aliyesomea sheria Dar es Salaam, alichaguliwa 1983 kuongoza Tume ya Maandalizi ya Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, chombo kilichoanza rasmi 1994 huko Kingston, Jamaika. Mwaka 2022, mtambo wa kurusha maji ulipojaribiwa katika Pasifiki na kupandisha maelfu ya tani za vinundu, Mamlaka hiyo ilikuwa bado haijapitisha kanuni za uchimbaji wa kibiashara.