Mashua Iliyoshonwa Nyumbani

Kazi ya kuunda vyombo, katika nchi nyingi za pwani, ilikuwa amana ya mafundi. Mtu aliipata kwa baba yake au kwa bwana aliyemfunza, baada ya miaka ya kushika tezo na msumeno. Aliyekosa elimu hiyo alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: kununua chombo, au kutazama bahari kutoka ufukoni. Historia ya mashua iitwayo Mirror yaonyesha jinsi jambo la tatu lilivyoenea Uingereza tangu mwaka 1963.

Ugumu ulikuwa katika umbo. Kwa desturi ya kale, umbo la mashua lilishikwa na kalibu au mataruma, na kila ubao ukachongwa ukingoni hata ulingane na mwenziwe. Kosa dogo lilitosha kuingiza maji. Ken Littledyke, mwalimu wa shule, alionyesha kwa mitumbwi yake ya kayaki kwamba kazi hiyo yaweza kurahisishwa. Barry Bucknell, aliyekuwa akiwafundisha watazamaji wa televisheni kazi za mikono za nyumbani, aliitumia njia hiyo kwa mashua ya tanga, akishirikiana na msanifu Jack Holt. Gazeti la Daily Mirror liliudhamini mradi huo. Jina la mashua na matanga yake mekundu ni kumbukumbu ya gazeti hilo.

Vipande vya plaiwudi vilifika nyumbani vikiwa vimekwisha kukatwa. Mwenye kuunda alivitoboa kingoni, akavishona kwa waya wa shaba, na mashua ikainuka yenyewe ikapata umbo. Kisha viungo vilibandikwa utepe wa nyuzi za kioo uliolowa gundi, na ncha za waya zikakatwa. Mashua hiyo, yenye urefu wa meta 3.3, iliuzwa hapo mwanzo kwa pauni 63 na shilingi 11, na zaidi ya 70,000 zimeundwa.

Msomaji wa pwani yetu hukumbuka mtepe, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi. Walakini mishono hiyo miwili si ndugu. Katika mtepe, kamba ndiyo iliyokishika chombo maisha yake yote. Katika Mirror, waya ni msaidizi wa siku chache, na gundi ndiyo mrithi wake.

Yuko atakayesema kwamba huo si ufundi. Neno lake lina haki kiasi. Hesabu ya umbo ilikuwa ya Holt, nayo ilikuwa imekwisha kuingia katika vipande kabla ya mnunuzi kuvishika. Aliyeunda Mirror moja hakuweza, kwa hilo peke yake, kubuni nyingine. Lakini alijua kila kiungo cha chombo chake, na maji yalipopenya alijua pa kutafuta. Wahenga husema kazi mbi si mchezo mwema. Hapa kazi na mchezo vilikaa chini ya dari moja.

Elimu ya fundi haikupungua kwa sababu hiyo. Iligawanyika: sehemu ya akili ilibaki kwa msanifu, na sehemu ya mikono ikaingia katika nyumba za watu ambao, bila ya hiyo, wangalibaki ufukoni.