Gari inalala vizuri, asubuhi haiwake: nani anakula batri?

Ku garaji za Mabanga ugonjwa huu unajulikana. Jioni gari imezimwa vizuri; asubuhi inafanya tik-tik tu, na vijana wanaitwa kusukuma juu ya mawe ya volkano. Shofa wa taksi anapoteza pesa anayopaswa kurudisha kwa mwenye gari. Batri mpya inanunuliwa, na kisha wiki mbili ni vilevile. Hapo kuna kitu chenye kinaiba umeme usiku.

Kwanza pima. Gari ikipumzika masaa kadhaa, batri iliyojaa inatoa karibu volti 12,6; ikifika 12 imekaribia kuisha. Moteri ikizunguka, kipimo kipande kati ya 13,8 na 14,5. Kisipopanda, angalia alternateri na mkanda wake, usitafute mwizi wa usiku.

Kama hapo ni sawa, zima kila kitu, toa funguo, funga milango. Fungua waya mweusi wa batri na uweke multimeta katikati ya waya huo na batri, kwenye tundu la ampea 10. Usijaribu kuwasha gari wakati huo: stata inavuta ampea zaidi ya mia, kipimo kitaungua. Subiri dakika 30, maana kompyuta za gari zinachelewa kulala.

Gari nzima inakula kama miliampea 20 mpaka 50, kwa ajili ya saa na kumbukumbu ya radio. Ukiona 500, piga hesabu: batri ya ampea-saa 60 inaisha kabisa mu siku 5, na inashindwa kuzungusha moteri mbele ya hapo. Njo maana taksi yenye kutembea kila siku inaficha ugonjwa mpaka ipumzike.

Sasa ng'oa fuzi moja moja. Yenye ikitoka kipimo kinashuka, fuata njia yake: pengine taa ya nyuma haizimike, ao rele imegandamana. Lakini mimi ningeanza na alarmi na amplifaya zilizoongezwa kisha gari kununuliwa. Mara nyingi zimefungwa moja kwa moja kwenye batri, basi fuzi za gari hazitaonyesha kitu. Fuata waya kwa mkono. Bado? Diodi za alternateri zikiharibika zinarudisha umeme nyuma. Hiyo umwachie fundi wa umeme.

Asiye na multimeta aweke balbu ndogo ya volti 12 mahali pa kipimo. Kisha nusu saa, ikiendelea kuwaka kwa nguvu, mwizi yupo.