Mabinti wa simu



Dukani kwetu tunashona, na juu ya meza ya kukatia kuna simu tatu: ya wateja wa sare za skuli, ya maharusi, na ya wauza vitambaa. Msimu wa harusi uliopita, kabla ya Ramadhani, tulikuwa tunazungumza na mteja wa sare, mara simu ya pili ikalia. Tukapokea, tukamwambia mama wa bi harusi, "Subiri kidogo, mama." Tukamsahau pale pale. Akakata, na gauni akenda kulishonesha kwengine. Kosa lilikuwa letu.

Tangu siku hiyo tunawatazama kwa jicho jengine dada zetu wa mapokezi maofisini. Laini sita zinaita pamoja, huyu anasubirishwa, yule anahamishiwa kwa mhasibu, na sauti haipandi. Kazi hii ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya wanawake.

Ilianzia Marekani. Januari 1878, mjini New Haven, kilifunguliwa kituo cha simu cha kibiashara kikiwa na wateja 21. Simu za wakati huo hazikuwa na namba za kubonyeza. Ukitaka kumpata mtu, unamwambia mhudumu wa kituoni, naye anakuunganisha. Walioajiriwa mwanzo walikuwa vijana wa kiume waliotokea kwenye ofisi za telegrafu. Mikono yao ilikuwa myepesi, lakini midomo! Wakiwajibu wateja jeuri, wakiwatukana na kuwafanyia mzaha.

Basi tarehe 1 Septemba 1878, mjini Boston, akaajiriwa binti wa miaka 18, Emma Nutt. Siku hiyo hiyo akafuatia ndugu yake wa kike, Stella. Wateja waliipenda sauti ya Emma na upole wake, na kazi ile aliifanya kwa zaidi ya miaka 30. Haikupita miaka mingi, vituo vikajaa wasichana.

Tueleze walivyokuwa wakifanya, maana ndipo penye utamu. Mbele ya binti kuna ubao wenye matundu, kila tundu la mteja mmoja. Mteja akiita, kifuniko kidogo kinaanguka kwenye tundu lake, na miaka ya baadaye ikawa taa inawaka. Binti anachomeka waya, anauliza, "Namba gani?" Ncha ya pili anaichomeka kwenye tundu la anayetafutwa, anapiga kengele, wakishasikilizana anajitoa. Wakimaliza, anachomoa. Hapo usisahau kuwa wengine wanaendelea kuita, na nyaya zimepishana mbele yake. Sisi mafundi tunaijua hali hiyo: ni kama kutarizi kwa nyuzi kumi kwa pamoja, na hata moja isitatizike.

Tena ilikuwa kazi ya amana. Aliyeko katikati ya waya akitaka kusikia, anasikia: nani mgonjwa, nani anadaiwa. Kuna bwana mmoja wa Kansas City, Almon Strowger, aliyekuwa na biashara ya mazishi (ndiyo, kwao kuzika ni biashara). Inasimuliwa kwamba alimshuku mhudumu wa simu, mke wa mpinzani wake, kuwa anawapeleka wateja wake kwa mumewe. Strowger akabuni mtambo wa kuunganisha simu bila mtu, akapata hataza mwaka 1891, na mwaka 1892 ukafungwa mjini La Porte. Alishukiwa mmoja, wakatafutiwa mashine wote.

Hata hivyo mashine haikuwaondoa mara moja. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, Jenerali Pershing wa Marekani, aliyekuwa Ufaransa, aliomba aletewe wanawake wanaojua Kifaransa na Kiingereza, kwa sababu simu za jeshi zilikuwa zinawashinda wanaume wake. Walikwenda zaidi ya 200 mwaka 1918, kundi la kwanza likiongozwa na Grace Banker. Walikula kiapo, wakavaa sare, na sare zenyewe walijinunulia kwa pesa zao! Baadhi yao walifanya kazi karibu na mapigano, wakipitisha amri za kushambulia na kurudi nyuma, mabomu yakisikika.

Grace alitunukiwa nishani. Lakini waliporudi nyumbani waliambiwa kuwa wao hawakuwa askari, ni raia tu waliosaidia. Haki za askari wastaafu wakanyimwa. Waliandika barua miaka nenda miaka rudi. Sheria ya kuwatambua ilipita mwaka 1977, takriban miaka 60 baada ya vita. Wengi walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Mwaka 1979 bibi vizee wachache waliobaki ndio walioanza kupewa vyeti vyao vya jeshi mkononi.