Maduka Mawili ya Westlands: Tarehe ya Uchumi na Nakumatt

Katika mtaa wa Westlands, Nairobi, palikuwapo zamani si nyingi maduka mawili makubwa ya kujihudumia, moja ndani ya jengo la Sarit Centre na jingine katika jengo la Ukay, ambayo baina yake hapakuwa na mwendo wa kumchosha hata mtu mzima aliyechukua kikapu. Na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mshahara ukiisha kuingia, nilikuwa nikianzia la kwanza na kumalizia la pili, mkononi nina karatasi ya mahitaji iliyokunjwa mara mbili, upande mmoja nimeandika sukari, unga, mafuta ya kupikia na sabuni ya kufulia, na upande wa pili yale ambayo nafsi huyatamani ingawa nyumba yaweza kukaa bila ya hayo. Duka la kwanza lilikuwa la Uchumi. La pili lilikuwa la Nakumatt. Leo yote mawili yameondoka pale, na vijana wapitao njia ile hawajui kwamba hapo pana tarehe inayostahili kuandikwa.

Uchumi ilizaliwa mwaka 1975, na wazazi wake walikuwa mashirika matatu ya umma: ICDC, ambalo kazi yake ilikuwa kustawisha viwanda na biashara, KNTC, yaani Shirika la Taifa la Biashara, na Kenya Wine Agencies, waagizaji wa mvinyo. Muradi wao ulikuwa mambo mawili yaliyofungamana: kwanza, bidhaa za lazima ziwafikie raia kwa bei ya insafu, na pili, wenye viwanda wa humu nchini wapate rafu za kuweka mali yao mbele ya macho ya watu. Kwa kuwa kazi ya namna hiyo ilihitaji maarifa ambayo mashirika yale hayakuwa nayo, usimamizi wa mwanzo ulikabidhiwa kwa mkataba kampuni ya Standa ya Italia. Na jina lenyewe lilichaguliwa vizuri, maana asili ya neno uchumi ni kuchuma, nako kuchuma ni kwa mikono ya mwenyewe.

Asiyeyaona masiku yale huenda asitambue uzito wa jambo hilo. Bei za bidhaa nyingi zilikuwa zikipangwa na serikali, lakini bei iliyopangwa haina faida kwa mtu ambaye hakuipata bidhaa, na kila sukari ilipoadimika ilikuwapo desturi ya mchuuzi kuficha mifuko chini ya kaunta na kuitoa kwa wateja aliowapenda yeye. Duka ambalo bidhaa zake zote zimepangwa wazi, bei imebandikwa, na tajiri na maskini wapanga mstari mmoja kwa keshia mmoja, lilikuwa kwa watu wa hali yangu karibu na hukumu ya kadhi mwadilifu.

Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipokuja kutoka Mombasa kunitazama mwishoni mwa miaka ya 1980, nilimpeleka Sarit Centre. Yeye alizoea duka la Mshihiri mmoja wa Kibokoni, ambaye alimjua kwa jina, akampimia sukari kwa mizani ya mawe, akaifunga katika gazeti, na kabla ya kuifunga akatia konzi moja ya nyongeza. Alipoingia katika duka lile lenye njia ndefu zilizonyooka alisimama, akarekebisha buibui lake, akaangalia kulia na kushoto.

"Mwanangu," aliniuliza kwa sauti ya chini, "mwenye duka yuko wapi, nimpe salamu?"

"Hapa mwenyewe haonekani, mama. Twajichukulia, kisha twalipa pale mlangoni."

"Basi mali yote hii ni ya nani?"

"Ya serikali, mama. Yaani yetu sisi."

Hakunijibu. Alikitwaa kifurushi cha sukari cha kilo mbili, akakipima kiganjani kama mtu apimavyo kuku wa kununua, akakirudisha rafuni, akatwaa cha pili, akakirudisha nacho, kisha akakichukua tena kile cha kwanza. Swali lake nililisahau kwa miaka mingi.

Wakati huo, mjini Nakuru, ulikuwapo ukoo wa Shah uliokuwa ukiuza magodoro, na jina la biashara yao, Nakuru Mattresses, likakatwa na kuungwa likawa Nakumatt. Kuanzia mwaka 1987 waliingia katika biashara ya supamaketi, na Atul Shah ndiye aliyekuja kujulikana kote kuwa mwongozi wake. Ardhi ya Nakuru ina siri yake katika tijara hii, maana supamaketi za Tuskys na Naivas pia chimbuko lao ni upande uo huo wa Bonde la Ufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilipolegeza mkono wake juu ya bei na juu ya uagizaji wa bidhaa kutoka ng'ambo, mlango ulifunguka kwa kila mwenye mtaji na ujasiri. Uchumi yenyewe ikauza hisa kwa umma katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 1992, na mimi nikawa na maduka mawili ya kulinganisha.

Na nililinganisha kwa makini, kwa sababu fedha yangu ilikuwa haba. Kwa hukumu yangu, Uchumi ilikuwa bora kwa vitu vya jikoni: unga, maharage, mboga, na nyama ambayo mkata nyama aliikata mbele yako huku akikuuliza wataka ya mchuzi au ya kuchoma. Wafanyakazi wake walikuwa na taadhima ya watumishi wa serikali wa zamani, wasio na haraka lakini wasiokupotosha. Nakumatt ilikuwa na roho nyingine. Njia zake zilikuwa pana, taa zake nyeupe, na mtu aliyeingia kununua mkate aliweza kutoka na mkate, sufuria, godoro na televisheni. Ndivyo tangazo lao lilivyodai, kwamba lolote ulihitajilo wao wanalo. Walikuwa na bidhaa zenye rajamu yao wenyewe, Blue Label. Walikuwa na kadi ya kumwekea mteja alama kwa kila anunuacho. Na walikuwa na tembo, aliyechorwa juu ya mlango na juu ya kila mfuko. Baadhi ya maduka yao hayakufungwa usiku wala mchana. Nakumbuka saa nane ya usiku, mtoto wangu wa pili analia na kopo la maziwa ya unga limekwisha, nilikwenda nikakuta mlango u wazi, na keshia akanisalimu kama kwamba ni adhuhuri. Jambo kama hilo baba wa mtoto halisahau.

Bei zao zilifuatana kama watu wawili waendao njia moja na kila mmoja anatazama kivuli cha mwenziwe. Mafuta yakishuka Sarit, haikupita juma ila yameshuka Ukay. Faida ya mashindano yale ilimwangukia mshitiri, na nasema bila kusita kwamba miaka ile nilikula vizuri kwa sababu walikuwa wawili.

Kisha wote wawili wakashikwa na hamu ya kuenea. Uchumi ilitangulia kuvuka mpaka hadi Kampala, na baadaye Tanzania. Nakumatt ilifungua Kigali mwaka 2008, Kampala mwaka uliofuata, ikafika Moshi, na mwaka 2014 ikayatwaa maduka ya Shoprite ya Dar es Salaam na Arusha, hata hesabu ya matawi yake ikapita 60. Nayo ilipatwa na misiba miwili ambayo Nairobi haitaisahau: moto wa tarehe 28 Januari 2009, ulioteketeza duka lake la katikati ya jiji na kuua watu zaidi ya 20, na shambulio la Westgate, tarehe 21 Septemba 2013, ambapo watu 67 waliuawa katika jengo ambalo duka lake lilikuwa kubwa kuliko yote. Jengo lile lilifunguliwa tena mwaka 2015, na Nakumatt ikarejea humo.

Lakini si moto wala bunduki iliyoyaangusha maduka haya. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja, nao ulikuwa umefichwa mahali ambapo mnunuzi hapatazami. Supamaketi hailipi bidhaa siku inapozipokea. Mkulima, msaga unga au mpika sabuni huleta mali yake, hupewa karatasi, na huambiwa arudi baada ya siku 30, au 60, au 90; ilhali sukari aliyoileta Jumatatu huenda ikawa imeuzwa yote kwa fedha taslimu kabla ya Jumamosi. Kwa hiyo fedha ya watu hukaa katika mikono ya mwenye duka kwa majuma mengi, na mwenye duka mwenye hekima huihesabu kuwa amana. Akiihesabu kuwa mali yake, akaijengea tawi jipya, tawi lile nalo litajazwa bidhaa za mkopo, na mauzo yake yatalipa deni la matawi ya nyuma, na gurudumu litazunguka maadamu kila mwaka pana mlango mpya wa kufunguliwa. Siku milango mipya itakapokosekana, gurudumu husimama, na karatasi zote hudaiwa kwa pamoja.

Uchumi ilitangulia kusimama. Mwanzoni mwa Juni 2006 ilifunga milango yake yote, ikawekwa chini ya mrasimu, na serikali ikatoa mkopo kuiokoa. Julai ikaanza kufungua tena, na chini ya uongozi wa Jonathan Ciano ikasimama kwa miguu yake hata ikatoka mikononi mwa mrasimu mwaka 2010 na kurejea katika Soko la Hisa mwaka 2011. Sisi wateja wake tuliona fahari, kama watu ambao jamaa yao ametoka hospitali. Mwaka 2015 ugonjwa ulirudi: Ciano aliondolewa, na ilipofika Oktoba maduka ya Uganda na Tanzania yakafungwa. Nakumatt ilifuata njia iyo hiyo kwa kishindo kikubwa zaidi. Mwaka 2017 rafu zake zilibaki tupu kwa sababu waleta bidhaa walichoka kuleta, wenye majumba wakaifukuza, Januari 2018 ikawekewa msimamizi, na madeni yaliyotajwa yalizidi shilingi bilioni 30. Maduka sita yaliyosalia yalinunuliwa na Naivas kwa shilingi milioni 422, na Januari 2020 wadai wakapiga kura kampuni ivunjwe.

Mnunuzi mwenye macho huujua ugonjwa huo kabla ya magazeti. Katika duka lolote, ukiona makopo yote yamevutwa hadi ukingoni mwa rafu, nawe ukitia mkono nyuma yake hukuti kitu, au ukiona bidhaa moja, mathalan karatasi za chooni, imetandazwa mahali ambapo zamani palikuwa na aina kumi za vitu, basi fahamu kwamba pana watu ambao hawajalipwa.

Mmoja wa watu hao namjua. Ni mama jirani yangu, mjane, apikaye achari ya maembe kwa namna ya Lamu, yenye pilipili na siki na jua la siku tatu. Aliingia katika mkataba na duka moja kubwa, ambalo sina haja ya kulitaja, akakopa fedha za chupa na vifuniko, akapeleka katoni 40, na kwa muda wa miezi minane alikwenda kila Ijumaa katika ofisi ya juu ya duka, akakaa juu ya benchi, akaambiwa hundi haijatiwa saini. Siku moja nilimsindikiza. Tukiwa twateremka ngazi alisimama mbele ya rafu, akaitazama achari yake ambayo ilikuwa imebaki chupa mbili tu, akasema, "Hizi bado ni zangu." Ndipo swali la mama yangu liliponirudia, baada ya karibu miaka 30, nami nikajua kwamba jibu nililompa pale Sarit lilikuwa pungufu. Mali iliyokuwa juu ya rafu zile, za duka la umma na za duka la ukoo, kwa sehemu kubwa haikuwa ya mmoja wala ya mwingine.

Yaliyobaki ni machache. Tarehe 28 Agosti 2017, tembo wa Nakumatt akiwa taabani, serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, ikawa mifuko yake imetoweka karibu pamoja naye. Pale Sarit, mahali pa Uchumi paliingia Carrefour, iliyoletwa Afrika Mashariki na kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai. Jengo la Ukay lilibomolewa Agosti 2018 kwa kuwa lilijengwa juu ya njia ya mto.

Jirani yangu hajalipwa hata leo. Lakini hupika bado, na huuza langoni kwake, kwa fedha taslimu, juu ya meza yenye kitambaa cha plastiki. Mimi hununua kwake chupa mbili kila mwezi, naye kabla ya kuzifunga katika gazeti huchukua kijiko, akafungua chupa ya nyumbani, akanitilia kidogo katika kibakuli, nyongeza.