Rekodi Iliyodumu Siku Tatu Kwenye Magazeti na Miaka 26 Kwenye Chumvi

Kuna jamaa mtaani kwetu alinunua Subaru, akatoa kiti cha nyuma, akatoa tairi ya spea, akabadilisha bomba la moshi, halafu akatangazia ploti nzima kwamba gari sasa ni jepesi na litaruka. Sawa, buda. Kwa lami, labda. Lakini kuna mahali mafundi hufanya kinyume kabisa: wanajaza vipande vya chuma ndani ya gari ili lizidi kuwa zito, na wanaenda mbio kuliko ndege nyingi ndogo.

Mahali penyewe ni Bonneville, jimbo la Utah, Marekani. Zamani za kale palikuwa ziwa kubwa, likakauka, likaacha uwanda wa chumvi mweupe hadi macho yanauma. Mwaka wa 1935 Mwingereza Malcolm Campbell aliachana na mchanga wa Daytona, akaja hapa, akapita kilomita 484 kwa saa. Tangu hapo wengi waliotaka rekodi walifuata chumvi.

Sasa, mbona uzito? Kwa sababu chumvi inateleza. Ukikanyaga mafuta kwa pupa, gurudumu linazunguka bure na gari haliendi popote. Uzito unalikandamiza chini, tairi zinauma. Na kwa vile una kilomita kadhaa za kuchukua kasi polepole, huo uzito haukuumizi sana. Kinachokuumiza ni hewa. Ukitaka kasi mara mbili, nguvu ya kupasua hewa inafika karibu mara nane. Ndiyo maana magari ya huko ni membamba, marefu, yamelala chini kama nyoka. Tairi zao hazina kashata kama za matatu. Zina ngozi nyembamba tu ya mpira laini, kwa sababu kwa mwendo ule mpira mnene ungejing'oa wenyewe. Gia ya kwanza ni ndefu hivi kwamba gari nyingi husukumwa na pikapu ndipo zitoke. Kusimama nako ni parachuti. Breki peke yake? Jaribu uone.

Na rekodi haihesabiwi kwa kupita mara moja. Unaenda, unageuza, unarudi ndani ya saa moja, kisha wanachukua wastani. Kwa hiyo upepo wa mgongoni haukusaidii.

John Cobb, tajiri wa biashara ya manyoya kutoka Uingereza, aliifanya kazi hii kwa pesa. Gari lake la mwaka wa 1947 lilikuwa na injini mbili za ndege, na injini zenyewe zilipozwa kwa tangi la barafu, eti ili wasilazimike kutoboa pua ya gari kuingiza hewa. Alipata wastani wa kilomita 634. Miaka hiyohiyo vijana wa California wasio na kitu walikuwa wakinunua matangi ya mafuta yaliyotumiwa na ndege za vita, wanaweka injini na kiti ndani, wanaendesha. Mimi napenda hawa zaidi, sitaficha. Tangi lilikuwa tayari limechongwa na watu wanaojua hewa. Kwa nini uchonge lako?

Katika hao wa California walitoka ndugu wawili, Bob na Bill Summers. Gari lao waliliita Goldenrod. Injini nne za Chrysler zikapangwa mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine, zikiendesha magurudumu yote manne. Hawakufunga supachaja, ingawa zingeongeza nguvu, kwa sababu zingetokeza juu na kuinua bonneti. Bonneti yao ilikuwa sentimita 71 tu kutoka chini. Hebu simama upime: haikufiki kiunoni. Walichagua kupoteza nguvu ili waipunguzie hewa mahali pa kugonga. Kwangu hiyo ndiyo akili yote ya chumvi.

Tarehe 12 Novemba 1965 Bob alikaa nyuma kabisa ya zile injini, akaenda, akarudi. Wastani: kilomita 658 kwa saa. Wakampita Donald Campbell, mtoto wa yule Malcolm, aliyekuwa amefika 648 kule Australia mwaka mmoja kabla.

Siku tatu baadaye, kwenye chumvi hiyohiyo, Craig Breedlove akaja na gari la injini ya jeti akapita kilomita 966. Nani angewaandika tena ndugu wawili?

Hapa ndipo nina kesi. Gari la jeti halisukumwi na magurudumu. Linasukumwa na moto unaotoka nyuma, magurudumu yanabebwa tu kama abiria. Breedlove ni jasiri, simnyimi heshima yake, lakini tatizo gumu la chumvi, lile la kuteleza, yeye alilikwepa. Hata FIA yenyewe mwaka wa 1963 ilikataa kuliita gari lile la kwanza la Breedlove gari, ndipo baadaye ikafungua mlango. Mimi nasema walifungua mlango wa nyumba nyingine.

Rekodi ya Summers kwa magari yanayosukumwa na magurudumu ilikaa hadi 1991, Al Teague alipowapita. Alipita kwa kilomita moja hivi kwa saa. Miaka 26, kilomita moja. Na yeye alitumia supachaja.

Goldenrod sasa iko kwenye jumba la makumbusho la Henry Ford, Michigan. Kabla ya kuonyeshwa ilibidi ikarabatiwe sana. Kutu ilikuwa imeitafuna, kwa sababu ile chumvi iliyoibeba Novemba 1965 haikuwahi kutoka yote kwenye vyuma vyake.