Mmea Uliolishwa kwa Mkono

Msomaji, umezoea tangu utotoni kuona mnyama akila jani. Ng'ombe hula majani, mbuzi hula majani, na nzige wakishuka shambani hawabakishi kitu. Ungeambiwa kwamba liko jani lilalo mnyama, pengine ungecheka. Usione haya kwa kicheko hicho, maana waliolikataa neno hilo kabla yako walikuwa watu wa elimu kubwa. Nataka kukusimulia jinsi walivyoshindwa, si kwa ukali wa maneno wala kwa ukubwa wa cheo, bali kwa vipande vidogo vya nyama na mayai vilivyotiwa katika mmea kwa mkono, kisha vikangojewa.

Habari yetu yaanza karibu nasi, katika kisiwa cha Madagascar. Étienne de Flacourt, gavana wa Wafaransa huko, alitoa kitabu chake juu ya kisiwa hicho katika mwaka 1658. Humo alieleza mmea wa ajabu ambao kila jani lake liliishia katika mtungi mdogo wenye kifuniko. Wenyeji walimwambia kwamba mtu akiuchuma mtungi huo, siku hiyo mvua haikosi kunya. Flacourt na wenzake waliichuma mitungi, na mvua haikunya. Tazama jambo hili vizuri: gavana aliijaribu habari ya mvua, lakini hakuujaribu mtungi wenyewe. Alidhani ni ua au tunda, akapita zake.

Mwaka 1737 Carl Linnaeus, Mswidi aliyepanga majina ya mimea na wanyama wa dunia, aliupa mmea huo jina la Nepenthes, kwa kukumbuka dawa ya kuondoa huzuni iliyotajwa katika utenzi wa Homer, Myunani wa kale. Jina lilikuwa zuri, walakini halikusema lolote juu ya kazi ya mtungi. Mwaka 1768 John Ellis, mfanyabiashara wa London, alimwandikia Linnaeus juu ya mmea mwingine, wa Amerika ya Kaskazini, ambao jani lake hufumba kama mtego na kumkamata nzi. Ellis alisema kwamba mmea huo hujipatia chakula kwa njia hiyo. Linnaeus alistaajabu, lakini hakukubali. Kwake yeye kila kiumbe kilikuwa na daraja yake: mmea chini, mnyama juu yake. Akasema kwamba mdudu akitulia jani humwachilia. Na kwa sababu aliyesema alikuwa Linnaeus, wengi waliona shauri limekwisha.

Zaidi ya miaka tisini ikapita. Wakati wa joto wa mwaka 1860 Charles Darwin alikuwa akitembea Sussex, Uingereza, akaona mimea midogo iitwayo drosera, yenye majani yaliyojaa vinyweleo vya ute. Juu ya majani hayo walinasa wadudu wengi mno, hata akashindwa kuamini kuwa ni bahati tu. Akaichukua mimea nyumbani, akaanza kuilisha. Aliipa nyama mbichi na ute wa yai. Kisha, kwa kulinganisha, akaipa vipande vya kioo. Majani yaliikumbatia nyama muda mrefu, lakini kioo yalikiacha upesi. Mmea usio na macho wala ulimi ulijua kupambanua chakula na kisicho chakula.

Darwin alikuwa na rafiki, Joseph Hooker, mkuu wa Bustani ya Kew karibu na London, ambako mitungi ya Nepenthes ilipandwa ndani ya nyumba za vioo zenye joto. Hooker naye akailisha: ute wa yai, nyama, na gegedu. Mwezi wa Agosti, 1874, alisimama mbele ya mkutano wa wataalamu mjini Belfast akaeleza aliyoyaona. Baada ya saa 24 kingo za vipande vya yai zilikuwa zimeliwa. Na gegedu, kitu kigumu hata kwa meno yako, baada ya siku 3 lilikuwa limepungua sana na kugeuka ute mwangavu. Maji ya mtungi, basi, hayakuwa maji ya mvua. Yalikuwa mfano wa maji yaliyomo tumboni mwako.

Mwaka uliofuata Darwin alitoa kitabu chake juu ya mimea ilayo wadudu. Walakini wapinzani walibakiwa na swali moja, na swali lenyewe lilikuwa la haki: kuyeyusha chakula ni jambo moja, kufaidika nacho ni jambo jingine. Aliyejibu alikuwa Francis, mwana wa Darwin. Mwaka 1877 alipanda drosera kiasi cha 200 katika sahani za supu, kila sahani akaigawa kwa kibao, akazifunika kwa wavu ili wadudu wasiingie. Upande mmoja aliulisha vipunje vya nyama iliyookwa. Upande wa pili akaunyima. Mimea iliyolishwa ilizaa mbegu zaidi ya maradufu. Swali likafungwa.

Siku hizi watu wengi huweka Nepenthes nyumbani mwao na kuilisha kama walivyofanya wazee hao. Ukijaliwa kuwa nao, kumbuka asili yake. Huota mahali penye udongo maskini, na mdudu humpatia naitrojeni ambayo udongo umemnyima. Basi mpe maji ya mvua, usimtilie mbolea mizizini, na umtilie mdudu mmoja mdogo katika mtungi, kisha ungoje. Ukiujaza mtungi nyama kwa kudhani unafanya hisani, nyama itaoza na mtungi utakufa. Wala usinunue mmea uliong'olewa porini, kwa maana baadhi ya jamaa zake wamekaribia kutoweka kwa sababu ya wanunuzi.

Lakini hata usipouona mmea huu maisha yako yote, una jambo la kuchukua hapa. Flacourt alijaribu nusu, akaishia njiani. Linnaeus, pamoja na elimu yake yote, alijibu kabla ya kujaribu. Francis alikuwa kijana asiye na sifa ya baba yake, na chombo chake kilikuwa sahani ya supu. Lakini aliuliza swali lililo wazi, akangoja jibu bila kulisukuma. Wahenga wetu walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Wewe nawe, utakapoambiwa neno na mtu mkubwa, mheshimu, kisha ulitazame neno lenyewe.