Goti la Bandia na Tarihi ya Bei Yake

Mwaka 1890, katika mji ule ule wa Berlin ambamo tarehe 1 Julai Uingereza na Ujerumani zilitia saini mapatano yaliyoiweka Unguja chini ya himaya ya Waingereza na kuwapa Wajerumani kisiwa cha Helgoland, tabibu mmoja aitwaye Themistocles Gluck alilipasua goti lililoliwa na kifua kikuu cha mifupa, akaziondoa ncha za mifupa zilizoharibika, na mahali pake akatia bawaba iliyochongwa kwa pembe ya ndovu, akaigandisha kwa mchanganyiko wa utomvu mkavu wa msonobari, unga wa jiwe la pumisi na plasta. Hilo ndilo goti zima la bandia la kwanza kutajwa katika tarihi ya utabibu. Mtu anayetaka kuelewa kwa nini leo mzee wa Tanga au wa Lamu, akitajiwa bei ya kubadilishiwa goti, huwazia kuuza shamba au kuuita ukoo mzima kwenye mchango, hana budi kuanzia kwenye bawaba ile. Kwani katika goti la Gluck kitu cha thamani kilikuwa pembe yenyewe, ilhali katika goti la leo madini na plastiki iliyomo ni sehemu ndogo ya bei, na sehemu kubwa ni mambo mengine yaliyojikusanya juu yake kwa muda wa zaidi ya miaka mia, mengine ya haki na mengine ya dhuluma.

Pembe tunaijua sisi watu wa pwani kuliko wengi. Katika zama hizo Unguja ndiyo iliyokuwa soko kuu la pembe katika Afrika ya Mashariki: misafara ilitoka Manyema na Ujiji, ikapita Tabora, ikateremka Bagamoyo, na bidhaa ikavushwa kwa majahazi mpaka forodhani, ambako ilipimwa kwa frasila na kuchambuliwa jinsi kwa jinsi, nyingine ikinunuliwa na nyumba za biashara za Wazungu, wakiwemo O'Swald na Hansing wa Hamburg, na nyingine ikipakiwa kwenda Bombay kuchongwa bangili za maharusi. Bei ya frasila haikuwa siri: dalali aliijua, tajiri aliijua, na mwenye forodha aliijua kwa kuwa ushuru ulikatwa humo. Yasiyotiwa katika hesabu yoyote ni magoti ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliozichukua pembe hizo begani kutoka bara kwa mwendo wa miezi, na pembe ilipokuwa nzito kupita kadiri ya mtu mmoja ilifungwa kwenye mti ikabebwa mzegazega na watu wawili. Goti la mpagazi lilipochakaa, dawa yake ilikuwa kuchuliwa kwa mafuta ya simsim, kupigwa chuku, na hatimaye mkongojo.

Goti la Gluck halikudumu. Kiungo kilichokwisha kuingiwa na kifua kikuu hakivumilii kutiwa kitu kigeni, jambo ambalo mwenyewe alikuja kulitambua na kuwaonya wengine, na Ernst von Bergmann, aliyekuwa mkubwa katika fani ya upasuaji pale Berlin, akampinga na kumzuia asiyatangaze mambo yake mbele ya matabibu wenziwe. Ikapita miaka sitini. Mwaka 1951 Börje Walldius wa Sweden akaunda bawaba ya plastiki ngumu ya akriliki, na mwaka 1954 L. G. P. Shiers wa Uingereza akatoa yake ya chuma. Bawaba hizi ziliwasimamisha watu waliokuwa hawainuki, lakini baada ya muda zililegea na kung'oka, kwa sababu goti si bawaba ya mlango. Fupa la paja, mguu ukikunjwa, huviringika juu ya mfupa wa muundi, huteleza kwa nyuma na kujizungusha kidogo, huku kilegesambwa kikipanda na kushuka mbele yake na kano zikivuta huku na huku. Chombo kinacholazimisha mwendo mmoja tu huupeleka uzito wote wa mwili kwenye vishikizo vyake, navyo havistahimili.

Jibu lilipatikana kwanza kwenye nyonga. Katika hospitali ya Wrightington, jimbo la Lancashire, iliyokuwa zamani ya wagonjwa wa kifua kikuu, tabibu John Charnley alikuwa akitafutia nyonga ya bandia kitu laini cha kuteleza juu yake kichwa cha chuma, akaanza na plastiki iitwayo teflon, na wagonjwa wapatao mia tatu wakatiwa. Haikupita miaka mingi ikaonekana kwamba teflon imesagika na chembe zake zimeleta madhara ndani ya mwili, ikambidi Charnley awapasue tena wagonjwa wale ili aondoe kile alichokitia kwa mkono wake. Hakuificha aibu hiyo. Alijitia vipande vya plastiki chini ya ngozi ya paja lake mwenyewe apate kujua mwili unavyovipokea, na teflon ikamletea uvimbe. Mnamo mwaka 1962 mchuuzi mmoja alifika hospitalini na kipande cha polietilini nzito, iliyokuwa ikitumiwa kutengenezea magurudumu ya meno ya mitambo ya kufumia nguo katika viwanda vya jimbo lile. Charnley hakuvutiwa nayo, walakini fundi wake, Harry Craven, aliitia katika mashine ya kujaribia ikasuguliwa usiku na mchana kwa majuma matatu, na ilipotazamwa ikakutwa imelika kidogo kuliko teflon ilivyolika kwa siku moja. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule ikaanza kutiwa miilini mwa watu, na polietilini ya jinsi hiyo, iliyoboreshwa, ndiyo inayoteleza mpaka leo ndani ya magoti ya mamilioni ya watu.

Kwa kugandishia, Charnley alichukua akriliki iliyokwisha kuzoewa na matabibu wa meno, akaifanya saruji ya kujazia kati ya chuma na mfupa. Kisha akaigeukia hewa. Alipoona wagonjwa wengi mno wakipata usaha ndani ya kiungo, alijenga chumba kidogo ndani ya chumba cha upasuaji, akapitisha hewa iliyochujwa kutoka juu, akawavika wasaidizi wake mavazi yaliyofyonza pumzi zao wenyewe, na uambukizi ukashuka hata ukakaribia mgonjwa mmoja katika mia. Nimekaa juu ya kisa hiki kwa makusudi, kwani humu ndimo ilimo sehemu ya bei iliyo ya haki. Anayelipia goti hulipia majuma matatu ya Craven, na wagonjwa wale waliopasuliwa mara mbili, na hewa safi, na nguo zilizochemshwa. Na atafutaye urahisi kwa kuyaacha haya hujiingiza katika gharama kubwa zaidi, maadamu goti lililoingiwa na vijidudu aghalabu hulazimu kung'olewa, mgonjwa atibiwe kwa dawa kali majuma kadhaa, ndipo apasuliwe tena na kutiwa jingine.

Ni katika Wrightington hiyo hiyo ambamo Frank Gunston, tabibu kutoka Kanada aliyesomea uhandisi kabla ya udaktari, aliyatazama magoti kwa jicho la fundi, akaunda kiungo cha nusu duara za chuma zinazoviringika juu ya njia za plastiki, pasina bawaba yoyote, zilizogandishwa kwa saruji ya Charnley, na mwaka 1971 akayaandika hayo yote wazi ili kila mwenye kutaka asome. Hakuchukua hataza. Mtu huyu angeweza kuwa tajiri mkubwa, naye alichagua kazi yake iwafikie wagonjwa upesi. Jina lake latajwa mara chache mno kwa kadiri ya wema alioutenda. Mwaka 1974, katika Hospital for Special Surgery ya New York, John Insall na wenziwe wakaanza kutia goti ambalo umbo lake ndilo linalofuatwa hata leo: kofia ya kobalti na kromiamu juu ya ncha ya fupa la paja, ubao wa polietilini juu ya muundi, na kifungo cha plastiki nyuma ya kilegesambwa. Uchunguzi uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2019 ulionyesha kwamba katika magoti mia yaliyobadilishwa yote, yapatayo 82 huwa yangali mahali pake baada ya miaka 25. Bei ikigawanywa kwa miaka hiyo, sura yake hubadilika.

Sehemu nyingine ya bei ina asili yake Warsaw, mji mdogo wa jimbo la Indiana huko Marekani. Mwaka 1895 mtu aitwaye Revra DePuy alianza hapo kutengeneza magango ya kufungia mifupa iliyovunjika. Mwaka 1927 mchuuzi wake, Justin Zimmer, akajitenga na kuanzisha biashara yake mwenyewe katika mji huo huo. Na kutoka katika magango hayo zikazuka kampuni kubwa ambazo leo zinatoa sehemu kubwa ya viungo vya bandia duniani. Kampuni haiuzi kipande cha chuma peke yake. Tabibu hawezi kuwa na yakini ya saizi itakayokaa mpaka mfupa umekwisha kukatwa, kwa hiyo kwa kila mgonjwa huletwa masanduku kadhaa ya zana na ya saizi mbalimbali, yakasafishwa kwa mvuke, na wakala wa kampuni aghalabu husimama humo humo chumbani akiwaelekeza wasaidizi. Masanduku, wakala, akiba ya saizi zisizotumika: vyote vimo katika bei ya goti moja, na katika nchi kama zetu, ambako viungo huagizwa kwa dola na magoti yanayobadilishwa kwa mwaka ni machache, mzigo wa akiba hiyo humwangukia kila mgonjwa kwa uzito zaidi.

Hayo yanaelezeka. Yasiyostahili kuvumiliwa ni siri. Huko Marekani mikataba mingi kati ya watengenezaji na hospitali ilizikataza hospitali kutaja bei zinazolipa, hata tabibu mwenyewe akawa hajui thamani ya kile anachokitia mwilini mwa mtu. Mwezi wa Septemba 2007 kampuni nne za viungo zilikubali kulipa dola milioni 311 ili kumaliza tuhuma kwamba matabibu walipewa fedha kwa jina la ushauri ili wazipende bidhaa zao. Forodha ya Unguja, pamoja na maovu yote yaliyopita mlangoni pake, ilikuwa na bei iliyojulikana.

Mataifa yamelikabili jambo hili kila moja kwa namna yake. Uingereza, tangu huduma yake ya afya ya taifa ilipoanza tarehe 5 Julai 1948, mgonjwa haletewi hati ya malipo. Hulipa kwa kungoja zamu, na kungoja kwa mtu asiyelala usiku kwa maumivu si malipo madogo. California, mfuko wa watumishi wa umma uitwao CalPERS uligundua kwamba hospitali ziliutoza kutoka dola 15,000 mpaka 110,000 kwa upasuaji ule ule wa goti au nyonga, pasina tofauti ya ubora inayoonekana. Mwaka 2011 ukaweka kikomo cha dola 30,000, na anayechagua hospitali ya juu ya hapo alipe ziada mwenyewe. Hospitali ghali zikaanza kushusha bei. Zilikuwa zikiweza muda wote huo.

Bara Hindi walikwenda mbele zaidi, nalo ndilo linalotuhusu sisi kwa karibu, kwa kuwa watu wetu wanaotafuta tiba ng'ambo huelekea Mumbai, Chennai na Delhi kama vile mababu walivyoelekea Bombay kwa upepo wa kusi. Serikali ya huko ilichunguza safari ya kiungo kutoka kwa mwagizaji mpaka kwa mgonjwa, ikaona bei ikiongezeka kwa kila mkono ilimopita, na tarehe 16 Agosti 2017 ikaweka kikomo: goti la kobalti na kromiamu, ambalo wastani wa bei yake ulikuwa rupia 158,324, lisiuzwe kupita rupia 54,720 kabla ya kodi. Hospitali nazo zikatakiwa kuiandika bei ya kiungo peke yake katika hati ya malipo, isichanganywe na gharama nyingine, pamoja na jina la mtengenezaji.

Tanzania ilianzisha Taasisi ya Mifupa Muhimbili kwa sheria ya mwaka 1996, na magoti hubadilishwa humo na katika hospitali nyingine za Afrika ya Mashariki na mikono mahiri ya watu wetu wenyewe. Kilichobaki ni hati kama ile. Mgonjwa wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi anayo haki ya kuonyeshwa mstari wa kiungo na jina la aliyekitengeneza, mstari wa chumba cha upasuaji, wa nusukaputi au ganzi, wa siku za kulazwa, na mstari ambao aghalabu husahauliwa mpaka fedha zimekwisha, yaani wa mazoezi ya viungo, ambayo pasina hayo goti jipya hukakamaa katika majuma ya mwanzo kabla mwenyewe hajapata kulitembelea.